Mwaka wa Kimya wa Malachy

Mume wangu Malachy Tuohy hajui kutulia. Alitoka Clare, Ayalandi, akiwa kijana na fidla yake kwapani. Akachimba mitaro Coventry, Uingereza, akachoka. Akaenda Luton, akachoka. Akanikuta mimi, Una, Cricklewood, hapa London, nikadhani ameshafika. Wapi! Siku za kazi koleo, Jumamosi fidla kwenye baa ya Waayalandi wenzetu, na kila baada ya muda, "Una, tuhame."

Halafu Gilhooly, mwenye ukumbi wa dansi, akamsikia. "Bwana wee, tupa koleo hilo. Kuanzia Pasaka bendi ya ukumbi ni yako."

Riziki kwa fidla tu! Malachy alininyanyua pale jikoni nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Furaha niliyokuwa nayo, acha tu.

Wiki hiyohiyo mama yake akafariki kule kwao. Habari zilitufikia kwa barua ya dada yake, keshazikwa. Na kwetu, ukifiwa na mzazi, huigusi ala ya muziki mwaka mzima. Malachy akaifungia fidla kabatini.

Gilhooly akaja. "Pole kwa msiba, ndugu yangu. Lakini mwaka? Mimi naendesha dansi, siyo kanisa!"

"Siwezi," Malachy akasema.

Gilhooly alipoondoka nikamvaa Malachy. "Kwani marehemu angetaka uzeekee mtaroni?"

"Nusu ya Clare iko mtaa huu, Una. Unataka waseme nimemchezea mama yangu dansi kaburini?"

Gilhooly akaajiri mtu mwingine. Mwaka ule simwombei hata adui yangu. Vidole vya Malachy vilicheza mezani, vikacheza mgongoni kwangu, mwenyewe akiwa usingizini. Aligombana na wasimamizi, akabadilisha kazi, akatembea mvuani bila pa kwenda. Nilimtukana, naye akaninyamazia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mwaka ulipokwisha tukaenda kwao kwa misa ya marehemu. Fidla tuliibeba, maana sasa ruhusa ilikuwepo. Wifi yangu Delia alitupikia nyama na kabichi, na jirani yao Packie akaja kula.

"Malachy, ulikosa mambo!" Packie akasema, mdomo umejaa. "Mkesha wa mama yako tulipiga muziki mpaka kukakucha. Mwenyewe aliagiza. Alisema, 'Asininyamazie mtu. Na Malachy mwambieni apige, apige huko huko aliko.'"

Malachy akaacha kutafuna. "Dada, ulijua?"

"Nilijua." Delia aliendelea kukata mkate. "Ile ilikuwa homa inasema, siyo mama. Nilitaka angalau mtoto wake mmoja amlilie kama watu wanavyolia."

Nusura nimrushie sufuria. Ukumbi wetu, mwaka wetu, vyote vimekwenda kwa kiherehere cha wifi! Nikafungua mdomo nimpashe, lakini Malachy alikuwa tayari ameitoa fidla na kuiweka begani. Vidole vilikuwa vizito. Akakosea, akaanza upya, akakosea tena.

Delia akaanza kulia. "Nisamehe, kaka. Kazi utapata nyingine."

"Kazi?" Malachy akasema. "Mama aliniomba kitu kimoja tu, Delia, na mwaka mzima nimemnyima."