Niliwatambulisha Wote kwa Mgeni

Siku hizi za soko huria hata programu ya kompyuta ina leseni ya kulipia. Mimi, fundi kompyuta wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Igogo, nikajua wauzaji wanatoza kwa kuhesabu mashine. Mkataba sikuusoma, mtaalamu asome karatasi za nini? Nikaifuta programu ya hesabu kwenye kompyuta zote, nikaiacha kwenye moja tu, makarani wakawa wanaitumia kwa zamu. Meneja akanisifu mbele ya watu kwa kubana matumizi.

Muuzaji wa programu alipokuja kutoka Dar kukagua, nilimpokea kifua mbele. Na kwa kuwa mgeni hakaribishwi bila utambulisho, nikawapanga makarani mbele yake.

"Naitwa Neema, naingiza kwenye programu hesabu ya samaki wanaopokelewa." Makofi.

"Naitwa Masanja, naandaa mishahara humo humo." Makofi, na yangu ndiyo yaliyosikika zaidi.

Mgeni akasubiri wamalize wote. "Hongera, bwana. Ila leseni yetu haihesabu mashine. Inahesabu watumiaji."

Meneja akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, karani wa stoo akaingia mbio, anahema.

"Samahani nimechelewa! Naitwa Bahati, na mimi naitumia!"