Mwonkwe, Nje ya Geti

Geti la nyumba yangu ya Nengo, mtaa wa wenye pesa, ni la chuma kizito, lina simba wawili wa kuchomelea, na anayetaka kulifungua lazima alisukume kwa bega. Nasema mapema ili ijulikane kwamba geti la namna hiyo sikulijenga nikae nje yake. Nilianza mtaa wa Mbugangari na pampu ya mguu na kisanduku cha viraka, darasa la tano nimeliacha katikati, nikiziba matairi ya pikipiki kando ya barabara. Leo nauza matairi ya malori. Madereva wanaovuka mpaka kutoka Goma huisikia sauti yangu kabla hawajaniona. Nikibonyeza tairi kwa kidole gumba nakwambia pumzi iliyomo, halafu wewe lete kipimo chako uhakikishe. Hayo yote nimeyapata bila mjomba ofisini.

Basi mke wangu alipojifungua binti, mimi nikiwa na mvi tayari na wavulana wetu wawili wameshaanza kunyoa ndevu, niliona sasa ni zamu ya mji kuja kwangu.

Kwetu mama akizaa, watu huja kumhemba. Wanakuja na uji wa mtama kwenye termosi, na maziwa, na ndizi, wanaketi, wanampakata mtoto, na neno la kwanza mlangoni ni moja: Mwonkwe! Ni Kinyarwanda. Maana yake mtoto awanyonye, anyonye ashibe. Watu hulisema kama kwingine wanavyosema hongera, limetoka mdomoni limekwisha. Mimi mwenyewe nimelisema kwenye nyumba za watu miaka yote wala sijawahi kulisikiliza.

Wavulana wetu walipozaliwa tulikuwa kwenye chumba kimoja cha kupanga, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Kwa yule wa kwanza alikuja jirani mmoja na kikombe cha uji, akasimama akisubiri kikombe chake. Kwa yule wa pili hakuja mtu. Mke wangu alikuwa ametandika kitenge chake kizuri kwenye benchi, cha wageni kukalia. Siku za wageni zilipokwisha alikikunja, akakirudisha sandukuni. Kitenge kile mimi sijakisahau. Ukiona leo nina makochi ya watu kumi na wawili sebuleni, ujue yametoka kwenye kile kitenge.

Kwa hiyo binti alipozaliwa sikumtangaza kwa kunong'ona. Kutoka kituo cha afya mpaka Nengo nilipiga honi. Niliwaambia madereva, niliwaambia kwaya ya kanisa, niliwaambia akina mama wa sokoni wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikashusha kreti za soda, mbuzi akachinjwa, nikasema geti lisifungwe.

Na watu walikuja! Sijawahi kuona ngoma kama ile, na sidhani Nengo imewahi. Waliingia kwa makundi, wengine wamevuka mpaka asubuhi ile ile, viatu vimejaa sebule mpaka ukumbini. "Mwonkwe! Mwonkwe!" Mke wangu alikaa katikati, kajifunga vizuri, anatabasamu. Mtoto alipita kutoka paja hadi paja.

Mtu mmoja tu hakufurahia, mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kutoka Goma na vifurushi viwili kumtunza binti yake, na chumba cha kulala kilikuwa serikali yake. Mimi nilikuwa mgeni humo.

"Mukwe," aliniambia siku ya kwanza, "hii sauti peleka kwa malori. Huku iko mutoto."

Nikanyoosha mikono nimpokee binti yangu. Akarudi nyuma.

"Hii mikono iko na harufu ya mupira."

Nikaenda kuisugua kwa petroli, maana ndiyo inayotoa weusi wa matairi. Nikarudi.

"Sasa iko na harufu ya essence," akasema, akafunga mlango.

Sikujali sana. Nilikuwa na wageni. Niliona mambo yanakwenda sawa, tena mtoto mwenyewe mtulivu ajabu. Alikuwa anageuza mdomo huku na huku, anatafuna ngumi yake, mama yake anaangalia mlango wa chumbani, halafu geti linalia, "Mwonkwe!", na mke wangu anakaa tena. Angenyonyeshaje mbele ya wazee wa kanisa na wateja wangu? Na angeinukaje mbele ya mtu aliyevuka mpaka na termosi kwa ajili yake? Mtoto alilalamika kidogo, akachoka, akalala kwenye mapaja ya watu.

"Huyu mutoto iko na adabu," mwanakwaya mmoja alisema.

"Amefanana na mimi," nikajibu.

"Na wewe? Adabu? Mungu asamehe!" Sebule nzima ikacheka, mimi wa kwanza.

Siku ya kumrudisha kupimwa niliwapeleka mwenyewe. Nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena.

"Ameshuka, na kwa siku zake hizi alitakiwa awe ameanza kupanda."

"Mizani yenu imeharibika," nikasema. Mimi vipimo navijua.

Nesi alinipa kisogo. Alimuuliza mke wangu mtoto ananyonya mara ngapi mchana. Mke wangu alimfunga mtoto shuka.

"Anapita mikono kama mupira," akasema. "Wageni wakienda, ashalala. Nikimuamusha, anavuta kidogo, analala tena."

Nesi alimchunguza mtoto kichwa mpaka kidole, akasema hana ugonjwa, ana njaa. Akamwonyesha mama namna ya kumshika ili titi liingie vizuri mdomoni. Awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Anyonye kila anapotafuta, asisubiriwe alie, na akilala mno aamshwe. Mama alale mtoto anapolala. "Mrudi siku chache zijazo. Asipopanda, nitawaandikia muende hospitali."

Nilipokuwa namsaidia mama yake kumfunika kwenye gari, nikaushika mguu wa mtoto. Nikaubonyeza pajani kwa gumba, kwa mazoea tu, kama ninavyobonyeza kila kitu. Ngozi ikabaki imelegea chini ya kidole. Gumba langu halijawahi kunidanganya, na pale nilitamani linidanganye.

"Papa ya watoto," mke wangu akasema tukiwa njiani, "mi nakuomba kitu kimoja. Funga geti."

Kufunga geti! Mtu wa kwingine hataelewa alichoniomba. Aliyekuja kuhemba harudishwi. Ukimrudisha, umemwambia uji wake ni mchafu na baraka zake huzitaki, na watasema yule fundi viraka kapata nyumba Nengo, sasa anajifanya hatujui. Na jioni ile ile kwaya ya pili ilikuwa inakuja, na kesho madereva, na keshokutwa mteja wangu mkubwa kuliko wote. Miaka yote nimengoja watu waje, halafu wakija niwafungie? Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshamtia mtoto kifuani, ndani ya blauzi, na macho ameyafumba.

Nikasema, "Nimesikia."

Basi nilifunga geti, ila nilijifungia nje.

Niliwaita wafanyakazi wangu wa dukani walete matairi makuukuu ya malori. Tukayapanga mawili mawili kando ya ukuta, yakawa viti, juu turubai ya lori isiwe mvua ikatuharibia. Mama mkwe alipoona, alitikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kitenge. Kile kile. Mke wangu alikuwa amekitunza sandukuni muda wote huo. "Amesema tandika," akaniambia, akasukuma geti kwa bega, likafunga. Nikakitandika kwenye kiti cha kwanza.

Kwaya ikafika, akina mama wanane na termosi zao.

"Mwonkwe!"

"Asante sana. Karibuni hapa."

"Hapa wapi?" akauliza yule mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti ya kwanza. "Sisi tumekuja kuona mutoto."

Hapo ndipo neno lenyewe lilinijia, na nashukuru sikusoma sana, maana msomi angeanza kueleza mambo ya kilo.

"Mama, mmesema nini mlipofika?"

"Tumesema mwonkwe."

"Na maana yake?"

"Si mutoto anyonye!"

"Basi Mungu amewasikia haraka. Sasa hivi yuko kwenye titi. Mkiingia atatolewa muwasalimie. Mnataka kuharibu neno yenu wenyewe?"

Wakatazamana. Nilihesabu kwamba nimeshapoteza kwaya. Halafu yule mama akapiga makofi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu mwanaume! Anatufukuza na maneno yetu!"

"Sijafukuza mtu. Kaa, mama. Kitenge hicho ni chako."

Akakaa. Wote wakakaa. Sasa watu wanane wamekaa barabarani kwenye matairi, na kazi ya kuwafanya wasione aibu ni yangu. Kazi hiyo niliiweza. Niliwasimulia habari ya lori lililopasuka matairi mawili kwenye mteremko wa kuingia mjini, na namna nilivyolisimamisha kwa mawe na jeki moja yenye kutu huku dereva akiungama dhambi zake. Walicheka, wakanywa soda, wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Termosi zilipita kwa mama mkwe kupitia kidirisha cha geti, zikarudi zimeoshwa.

Kesho yake madereva walikuwa wameshasikia.

"Muzazi!" wakaniita kutoka mbali. "Umeamukaje? Maziwa imetoka?"

"Imetoka! Nimewanyonyesha wa kwenu wote!"

"Kunywa bouillie, wewe! Usikauke!"

Uji ulikuwa mwingi kuliko mama anavyoweza kunywa, na kumwaga uji wa hemba haiwezekani, kwa hiyo niliunywa mimi. Mkanda wangu ulisogea tundu moja. Waendesha pikipiki walianza kusimama kusikiliza, wakaniletea abiria wao. Mara moja nilinyamaza ili nipumzishe koo, kidirisha kikafunguka.

"Mukwe, unanyamaza kwa nini? Ukinyamaza wanagonga. Endelea."

Huyo ni yule yule aliyeniambia sauti nipeleke kwa malori.

Aliyenipa jasho ni yule mteja mkubwa. Alishuka kwenye gari lake jeupe, suruali ya kupigwa pasi, na mfuko mkubwa wa nepi. Alipoona viti vyangu, akasimama.

"Mimi? Nje? Juu ya pneu?"

Huyu mtu hununua matairi ya malori yake yote kwangu. Waliokuwepo waliweka vikombe chini. Ndani, kwa mbali, nilisikia mtoto akilia kidogo, kisha akanyamaza kama anavyonyamaza mtoto aliyepewa alichotaka.

"Bosi," nikamwambia, "pneu za namna hii nimekuuzia mimi. Kama unaogopa kuzikalia, madereva wako wanazipandaje?"

Aliyatazama matairi. Kisha akavuta suruali magotini, akakaa. Madereva wakapiga kelele za furaha, na mtu akampa kikombe cha uji. Alikaa mpaka jua likashuka upande wa Goma, akasimulia baba yake alivyokuwa akiuza chumvi kwa miguu, jambo ambalo sikulijua katika miaka yote ya biashara yetu.

Tulirudi kwenye mizani. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Nesi alimweka mtoto, akasubiri atulie.

"Amepanda," akasema. "Tena vizuri."

"Pima tena."

Akapima tena. Amepanda. Nikamwambia mizani yao ni mizuri sana, sijaona mizuri kama hiyo. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo.

Jioni hiyo nilioga kwa sabuni na ndimu mpaka viwiko. Mama mkwe alifungua geti kwa bega, akatoka na mtoto, watu wote wakasimama. Alinusa mikono yangu, mmoja, na wa pili. Halafu akamlaza binti yangu mikononi mwangu.

"Mwonkwe, mukwe," akasema. Tangu aje hakuwa ameniambia neno hilo.

Nikabonyeza paja. Gumba likarudishwa juu. Nikamzungusha mbele ya wote wabonyeze kwa macho tu, mkono wa mtu haukumgusa. Haukupita muda, binti akageuza uso, akaanza kutafuta mdomo kwenye shati langu, akivuta kifungo.

"Muzazi, mupe basi!" dereva mmoja akapaza sauti.

Nikageuka, nikagonga geti la nyumba yangu mwenyewe kwa kiatu. "Fungueni! Huyu anataka kunyonya!"

Mke wangu alifungua. Alimpokea mtoto, akamweka begani, kisha akachungulia nje kwa mara ya kwanza. Aliona turubai, na matairi yaliyojaa watu mpaka ukuta wa jirani, na pikipiki zimesimama, na yule mama wa kwaya amekalia kile kitenge.

"Hawa wote ni wetu?" akaniuliza.

"Na bado," nikamwambia.