Upupu wa Shamba la Migomba

Nilitoka kichakani na shimizi tu, najikuna kama mbwa mwenye upele, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mume wangu Kibwana na mke mwenzangu Zuhura.

Nilikuwa nimesikia Kibwana anampimia Zuhura shamba letu la migomba, nikawafuata kimyakimya na kujificha. Yale maganda ya kahawia yenye manyoya niliyaona, lakini wivu ulinipofusha, nikayaegemea. Kumbe upupu! Muwasho ukanivua gauni.

"Dada, nilikuona tangu unaingia," Zuhura akacheka. "Nikajua mtu wa Uluguru hawezi kukosa kuujua upupu."

Mwenyekiti akageuza uso. Kibwana akanirushia koti.

Sawa, nimeumbuka. Lakini shamba lile nimelilima tangu Zuhura hajaota meno. Kibwana, mbele ya mwenyekiti huyohuyo, nijibu: umempa nani?