Eirwen wa Sauti ya Tatu

Eirwen Pugh alipokuwa msichana, watu walikuwa wakiacha makanisa yao na kuja kwenye letu ili wamsikie akiimba. Hapa bondeni kwetu hilo si jambo dogo. Huku Wales kila mtu anaimba, kwa hiyo hatumsifu mtu kwa kufungua kinywa tu. Mama yake, Morfydd, ndiye aliyekuwa akipiga kinanda, na ungemtazama usoni wakati bintiye anapanda noti za juu ungedhani ni yeye aliyezitengeneza jikoni kwake.

Siku za kazi Eirwen alikuwa kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa majiko. Jioni moja alipanda ngazi za ukumbi wa wachimba makaa, akaingia jimu ya Royden Hopkin. Ukumbi ule ulijengwa kwa michango ya babu zetu. Mgodi ulipofungwa, chini tukabaki sisi wa kwaya ya wanaume, na juu Royden akaweka vyuma vyake. Kila Alhamisi, sisi tukiwa tunamlilia Mungu kwa upole, juu ya vichwa vyetu mtu anaangusha chuma, puu! na vumbi la dari linatumwagikia mabegani. Mimi nilikuwa wa pande zote mbili. Nilikuwa nanyanyua juu, kisha nashuka na jasho langu kuimba sauti ya tatu, ile ya juu kwa wanaume.

Eirwen alisema amekuja kupunguza tumbo. Royden hakulitazama tumbo.

“Dada, mabega hayo umeyatoa wapi?”

“Kwenye trei za biskuti. Kwani wewe yako umeyatoa wapi, kanisani?”

Tulicheka, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wetu. Nimewaona watu wengi wakinyanyua vyuma, lakini sijaona mwili uliopokea mazoezi kama ule. Alikuwa hakosi siku. Alikula kuku wake aliyechemshwa bila chumvi huku wenzake kiwandani wakila chipsi mbele yake, na hakulalamika. Alipoingia mashindano ya kutunisha misuli kule Cardiff kwa mara ya kwanza, alitoka wa tatu. Tulirudi kwenye basi tukiimba kama walevi, na wengine walikuwa walevi kweli.

Wiki iliyofuata Royden alimketisha kwenye benchi. Eirwen mwenyewe alinisimulia maneno yao, baada ya miaka mingi.

“Umefika mwisho wa kile kuku na mayai wanachoweza kukupa,” Royden alimwambia. “Wale wawili waliokushinda, unadhani wanakula nini?”

“Sijui. Wanakula nini?”

Akamtolea vidonge. “Hivi ni vyepesi. Hivi ni vya kina mama.”

“Vitanidhuru?”

“Chunusi mbili tatu. Ukiacha, zinaondoka.”

Zile zilikuwa steroidi, dawa zinazofanya kazi ya homoni za kiume. Baada ya vidonge zikaja sindano. Nami sitadanganya kwamba hazikufanya kazi. Mapaja yake yalijaa, mgongo ukapanuka, na chuma alichokuwa akikishindwa wakati wa kiangazi alikinyanyua majani yalipoanza kuanguka, akicheka. Alitembea barabarani kama mtu aliyepewa ufunguo wa mji. Ila mgongoni zilitoka chunusi ambazo si mbili wala tatu. Hedhi ilisimama. Kidevuni ziliota nywele, akaanza kunyoa kila asubuhi kabla mama yake hajaamka. Hasira nayo ilikuja, yeye ambaye hakuwa na hasira. Siku moja alimpigia kelele mwenzake kiwandani kwa sababu ya kikombe cha chai, kisha akaenda chooni akalia, hajui analia nini.

Ikafika ibada ya mavuno. Kanisa limepambwa kwa kabichi na mikate, watu wamejaa hadi roshani. Eirwen alisimama kuimba ubeti wa peke yake, akafika kwenye ile noti ya juu, na noti haikuwepo. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama wa mvulana anayebalehe. Alijaribu tena, ikakatika tena. Watu wakaanza kukohoa kwa adabu. Morfydd, bila kugeuka, akakibonyeza kinanda kwa nguvu zake zote ili kanisa zima lisisikie kitu kingine chochote.

“Una mafua,” alimwambia wakiwa njiani kurudi nyumbani.

“Sina mafua, mama.”

“Una mafua,” Morfydd akasema tena, na hawakuzungumza hadi Jumanne.

Eirwen hakuacha. Mashindano ya taifa yalikuwa yamekaribia, na mtu aliyefika karibu hivyo si rahisi kugeuka. Alikwenda akashinda. Nilikuwepo, na nasema mpaka leo kwamba jukwaani pale hakukuwa na mwingine. Alisimama chini ya taa, kila msuli umejitenga na mwenzake, akageuka taratibu, na ukumbi mzima ukainuka. Lakini alipopewa kipaza sauti ashukuru, alisema neno moja tu, akakirudisha. Alikuwa ameisikia sauti yake kwenye spika.

Siku chache baadaye alikwenda kwa daktari, akamwambia kila kitu, hata yale ambayo hajawahi kumwambia mtu mwingine. Walipima damu. Ini lilikuwa limeumia, presha imepanda, na mafuta mabaya ya damu yamezidi kwa mtu wa umri ule.

“Nikiacha leo?” Eirwen aliuliza.

“Ini litapona, nadhani. Hedhi itarudi. Presha tutaifuatilia.”

“Na sauti?”

Daktari, mama mmoja mtu mzima, alivua miwani. “Nyuzi za sauti zimenenepa, mwanangu. Hazitarudi.”

Aliacha siku ileile. Watu hudhani kuacha ni mwisho wa mambo, kumbe mwili wake uliokuwa ukilishwa homoni za nje ulikuwa umesahau kujitengenezea za kwake. Alilala miezi. Hakuwa na nguvu za kupanda ngazi, misuli iliyeyuka, na huzuni ikamkalia kifuani. Morfydd alimpelekea kitandani supu ya kondoo na liki, vile vitunguu vya majani, akaiweka mezani, akasema, “Ulipewa kitu ambacho wengine wanakiomba maisha yao yote, ukakibadilisha na kikombe cha bati.” Kisha akakaa pale pale hadi supu ikaisha. Mama yule alikuwa hivyo. Maneno yake yalikuwa makali, lakini hakuondoka.

Aliporudi barabarani, dunia ilimpokea vibaya. Akipiga simu, anaitwa bwana. Kwa muuza nyama, wageni wanageuka kutazama. Kuna kijana mmoja, mlevi wa mchana, alimpigia kelele mbele ya baa:

“We Eirwen! Mkeo hajambo?”

Eirwen hakupunguza hata hatua. “Hajambo, anakusalimu. Anasema ulisahau soksi zako.”

Baa nzima ilimcheka yule kijana kiasi kwamba akahamia baa nyingine. Lakini nilikuwa nyuma ya Eirwen siku hiyo, na nilimwona alipokata kona. Alisimama, akaegemea ukuta, akafunga macho.

Kanisani hakurudi. Jimu alirudi, bila dawa, na Royden alimpisha kama mtu anayepisha gari la maiti. Hawakugombana. Eirwen alinyanyua alichoweza kwa kuku na mayai, akaenda zake.

Kwaya yetu wakati huo ilikuwa inakufa. Wazee walikuwa wanazikwa, vijana wanahamia mijini. Alhamisi moja tulikuwa tunajikokota kwenye wimbo wa zamani, na kiongozi wetu, Idwal Prosser, ghafla akainua mkono.

“Nyamazeni. Nani huyo?”

Tukanyamaza. Kutoka juu, kupitia dari, kulikuwa na mtu anaimba sauti ya tatu. Sauti ilikuwa pana, nzito kidogo, safi, na ilikaa katikati ya kila noti bila kutafuta. Iliendelea maneno mawili hivi, ikagundua iko peke yake, ikakatika.

“Nani yuko juu?” Idwal akauliza.

“Eirwen,” nikamjibu.

“Mimi nina watu wanne wa sauti ya tatu,” Idwal akasema. “Wawili hawasikii, mmoja analala, na huyu Emlyn ananuka jasho.” Emlyn ni mimi. Akaweka chini fimbo yake ya kuongozea kwaya, akapanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale mabovu.

Eirwen alimkatalia. “Mimi si sarakasi, bwana Prosser. Watu watalipa kuja kumtazama mwanamke wa ajabu.”

“Watalipa kukusikia. Wakishalipa, watazame wanachotaka.”

Alimrudia Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kazi ngumu zaidi ilikuwa chini. Mwenyekiti wetu, Dilwyn, alisema hii ni kwaya ya wanaume tangu enzi za babu yake, na kwamba mlango ukishafunguliwa haufungiki. Wengine wakamuunga mkono. Tukabishana hadi chai ikapoa. Katikati ya kelele zile mlango ukafunguliwa, Eirwen akaingia na taulo shingoni.

“Nimewasikia kutoka juu,” alisema. “Dari lenu ni jembamba. Dilwyn, tatizo ni kwamba sina ndevu? Maana tukiacha kunyoa wiki moja mimi na wewe, nadhani nitakushinda.”

Hata Dilwyn alicheka, na kwa kweli ndevu zake zilikuwa za kuhesabika.

Kisha Eirwen akaacha utani. “Lakini mjue. Mimi si mwanaume. Sitavaa tai yenu. Nikiimba nanyi, naimba kama mwanamke ambaye sauti yake ilishuka, na mtu akiuliza ilishukaje, nitamwambia. Mkitaka hivyo, nipo. Msipotaka, naendelea na vyuma vyangu.”

Tulipiga kura. Wanne walikataa, na mmoja wao alihama kwaya kabisa. Wengine tukamsogezea kiti.

Kwenye tamasha lake la kwanza alivaa gauni la buluu, akasimama mstari wa mbele kati yangu na mzee asiyesikia. Mwanzoni watu walinong’ona. Tulipofika kwenye kipande cha sauti ya tatu peke yake, minong’ono ilikoma. Sijui niseme nini kuhusu alivyoimba. Sauti ya juu aliyokuwa nayo zamani ilikuwa nzuri kama kioo kilivyo kizuri. Hii ilikuwa na mtu ndani yake. Morfydd alikuwa mstari wa tatu, koti halijafunguliwa hata kifungo kimoja. Mwisho wa yote alikuja nyuma ya jukwaa, akamtazama bintiye.

“Ulichelewa kuingia ubeti wa tatu,” akasema.

“Najua, mama.”

“Usichelewe tena.” Akamshika mkono, na hakuuachia hadi tulipofika kwenye gari.

Royden ndiye aliyefuata kulipa. Yeye alikuwa amejidunga sindano zile tangu ujana, bila kupumzika. Jumamosi moja asubuhi alikuwa anapanga vyuma, akasema, “Nimechoka leo,” akaanguka kama gunia. Tuliganda sote. Eirwen alivuka benchi, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua.

“Emlyn, simu! Acha kunitazama, piga simu!”

Alimkandamiza hadi gari la wagonjwa likafika, peke yake, bila kumpa mwingine zamu, na wahudumu wakasema kama si mikono ile wangekuwa wamekuja kuchukua maiti. Moyo wa Royden ulikuwa umevimba na kulegea, hauwezi tena kusukuma damu vizuri. Alikuwa hajafika hamsini.

Tulikwenda pamoja kumwona hospitali. Royden alikuwa mdogo ndani ya shuka.

“Ulijua kuhusu sauti?” Eirwen alimuuliza. Hakupandisha sauti.

Royden akajibu: “Nilijua inaweza. Nilitaka ushinde.”

“Nami nilitaka kushinda. Ningekuwa nimeambiwa, labda ningemeza vilevile. Lakini ningemeza nikijua.”

“Nisamehe, Eirwen.”

“Nitaona. Kwanza pona. Ukirudi, mtu yeyote akikuuliza kuhusu dawa zile, unamleta kwangu.”

Royden aliishi miaka sita mingine, na kifaa cha kusaidia moyo kimeshonwa chini ya ngozi, na hiyo ahadi aliitimiza.

Sasa jimu ni ya Eirwen. Anameza dawa ya presha kila asubuhi na kunyoa kidevu baada yake, na hafichi lolote kati ya hayo. Wanakuja wasichana wa siku hizi, wameshaona kwenye simu zao miili ya watu wasiowajua, wanamuuliza kuhusu sindano. Hawafukuzi, wala hawahubirii. Anawachemshia chai, anawaambia kilichotokea mwilini mwake, kuanzia ini hadi mahali ambapo mimi huona ni adabu kwenda kutazama kitu dirishani. Wakimuuliza kama anajuta, anasema kweli.

“Ule mwili niliupenda,” nilimsikia akimwambia mmoja wao, Sioned, binti wa muuza maua. “Nisikudanganye. Siku ile jukwaani nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote. Lakini niliinunua bila kuonyeshwa bei.”

Sioned alikuwa ameshaanza vidonge, na aliendelea navyo kwa siri hadi majira ya baridi. Kisha asubuhi moja alikuja jimu mapema akiwa amefunga skafu shingoni, akasema kwa sauti iliyokwaruza, “Shangazi, nadhani imeanza.”

Eirwen hakumkumbusha alichomwambia. Alichukua koti lake kwenye msumari, akanirushia funguo za jimu, akasema, “Emlyn, wafungulie watu. Sisi tunakwenda kwa daktari.” Wakashuka ngazi pamoja, mkono wake mpana mgongoni mwa yule binti.