Pakiti ya Kijani

Profesa wetu wa jenetiki hapa Tainan huonja supu mara tatu kabla ya kusema ina chumvi. Asubuhi ile, tone la mwisho la sampuli ya ua lake la okidi, kazi ya miaka kumi na tisa, lilikuwa ndani ya mashine ya kusoma vinasaba. Kidole chake kilishafika kwenye kitufe. Akakirudisha, akageuza pakiti ya kijani ya vitafunio tunayoiweka juu ya mashine ili mashine isilete ukorofi (desturi ya Taiwan: kijani, kama taa ya barabarani, ni ruhusa ya kwenda), akasoma tarehe.

“Imeisha muda jana! Szu-han, kimbia dukani. Ya kijani, ukileta ya manjano usirudi!”

“Mwalimu, ushahidi uko wapi? Tuiwashe bila pakiti, tulinganishe,” akasema Szu-han, mwanafunzi mwenzetu.

“Wazo zuri sana, mwanangu,” Profesa alisema, kiganja kikiwa kimefunika kitufe. “Lijaribu kwa sampuli yako.”