Wanza, Karani Anayeuliza Unameza Nini

Katika kliniki ndogo ya meno karibu na mahakama ya Makadara, mgonjwa hamfikii Daktari Mbugua kabla ya kupita kwa Wanza. Wanza ni karani, si muuguzi, na mwaka huu ametimiza miaka kumi na tisa kwenye meza ile ile. Fomu ina maswali kumi na mawili kuhusu afya, na wengi huyajibu yote "hapana" bila kuyasoma, kwa kuwa jino linauma na wanataka litoke. Wanza huipokea fomu, huiweka kando, kisha huanza upya kwa mdomo. Haulizi mtu ana ugonjwa gani. Huuliza, "Ukiamka asubuhi, unameza nini?" Hapo ndipo presha hujitokeza, na sukari, na sindano za kila mwezi, na mizizi iliyochemshwa na shangazi.

Jumatatu moja aliingia Mzee Musyoka, mchongaji wa vinyago na mzee wa kanisa, shavu limevimba kana kwamba ameficha andazi. Fomu yake ilikuwa "hapana" tupu, kwa mwandiko mzuri.

"Mzee, ukiamka asubuhi unameza nini?"

"Chai na mkate, mama. Nipeleke kwa daktari."

"Na baada ya chai?"

"Baada ya chai nanyamaza. Jino hili haliniruhusu kupiga gumzo na makarani."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Wanza naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba cha mzee, kilichofungwa kitambaa chenye damu mbichi.

"Hicho kidole umekikata saa ngapi?"

"Asubuhi, na patasi. Mkwaruzo tu."

Ilikuwa saa nane mchana.

Wanza akamwongoza hadi kwenye korido, mbali na masikio ya benchi. Akamweleza polepole kwamba mkwaruzo hautoki damu kutwa, na kwamba shimo la jino ni kubwa kuliko mkwaruzo.

Hapo mzee akamweleza ukweli. Miaka minne iliyopita alipasuliwa moyo, akawekewa vali ya kutengenezwa, kilango cha kupitishia damu. Alipotoka hospitalini alisimama mbele ya waumini akashuhudia kwamba ameponywa kabisa. Vidonge vya kuzuia damu isigande huvimeza kila siku, na anayejua ni mkewe pekee.

"Nikiandika nina ugonjwa wa moyo, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

"Mzee, sikuulizi kama umepona. Umepona, ndiyo maana umekuja kwa miguu yako. Mimi naandika vidonge tu, na vitasomwa na daktari peke yake."

Akavitaja. Wanza akaandika jina, kipimo, na saa aliyomeza mara ya mwisho. Daktari Mbugua aliposoma, alirudisha koleo kwenye trei. Alipigia simu kliniki ya moyo, akampa mzee dawa ya uvimbe isiyogombana na vidonge vyake, akamtuma kupimwa jinsi damu yake inavyoganda. Akamwonya asithubutu kuviacha vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe.

"Jino linaniua, nanyi mnanituma maabara!" mzee akafoka.

"Nikasirikie mimi, mzee," Wanza akasema. "Daktari ana kazi."

Alhamisi majibu ya damu yalikuwa mazuri. Jino likang'olewa, shimo likashonwa, mzee akaambiwa aume pamba na asiongee. Wengine hukaa nusu saa. Yeye alikaa saa moja na nusu, Wanza akija kumtazama kila baada ya dakika kumi na tano. Pamba ya kwanza ilitoka nyekundu, ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na doa dogo tu.

"Kama ningeling'oa Jumatatu..." Daktari Mbugua alianza, asimalize. Wanza alikuwa tayari anamwita mgonjwa mwingine.

Saa kumi na moja jioni alimpigia simu Kamene, mke wa mzee.

"Amekunywa uji akalala," Kamene akasema. "Nimeangalia mto mara mbili. Ni mkavu."

Wanza akaandika saa kwenye faili, na kando yake: damu imekoma.