Pumzi za Mwanangu Ndani ya Kompyuta

Juzi kliniki huku Pongwe, kwenye foleni ya kupima uzito, nimempakata mwanangu njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, mkono uko kifuani pake maana naogopa ataacha kupumua nisijue, nikamwona msichana niliyekaa naye benchi moja, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, anajaribu mchoro wa kifaa unaotikisika kwenye kompyuta.

"Nini hicho, dada?"

"Kihisi mwendo cha vichanga. Ndani mna transista, swichi ya umeme ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kifua kikipanda inatikisika, umeme unabadilika. Kifua kikitulia mno, kihisi kinalia."

Nikamwambia mfungie mwanangu, leo leo, sasa hivi!

"Bado hakijatengenezwa, mama. Nakijaribu humu kwanza. Hebu nigongee anavyopumua."

Nikagonga benchi kwa kidole, haraka haraka, kisha kimya kidogo, kisha haraka tena, ndivyo anavyopumua. Akaingiza. Kompyuta ikalia palepale kwenye kile kimya, na mwanangu yuko mapajani anapiga miayo.

Mama mmoja nyuma yetu akacheka. "Mashine yako yamzika mtoto mzima!"

Msichana hakununa. Akafuta kila kitu. "Nilikipa pumzi za mtu mzima, zisizo na vituo kama za njiti. Nimekosea. Gonga tena, mama, polepole."

Angeweza kunidanganya kwamba kiko tayari, na kwa hofu niliyonayo ningemwamini. Wakubwa wangapi tunaowajua hukiri kosa mbele ya foleni nzima?

Nilipoitwa kwenye mzani nikamwachia namba yangu ya simu. Nikamwambia, ukikosea tena niite, nitakuja kugonga.